Mwitaji wa Nyamizi

Kitanda kilimchoma Sikitu kidole, kikaonja tone lake la damu, kisha kikatangaza mbele yetu sote kwamba yeye si binamu wa mtu aliyelala pale.

"Hakuna udugu wa damu," kilisema kwa ile sauti yake ya kike iliyonyooka. "Mwitaji amekataliwa. Tafadhali toka chumbani."

Sikitu hakutoka. Alisimama amejishika kidole, kanga kiunoni, unga wa mikate bado uko kwenye viwiko, maana habari kwamba mgonjwa yuko tayari kuamshwa zilimkuta jikoni kwenye shule anakopika. Aliniangalia kwa hofu ya mtu aliyekamatwa.

Mimi sikushangaa hata kidogo. Tangu nianze kazi katika Hospitali ya Mawe Mapacha, hapa Singida, nimepokea mabinamu wengi kiasi kwamba wakikusanywa wanajaza uwanja wa mpira. Wanaume wawili waliozeeka pamoja, binamu. Wanawake wawili wenye ufunguo mmoja wa nyumba, binamu. Wakifika getini wanaulizwa, "Wewe ni nani wa mgonjwa?" nao wanajibu hivyo kwa sababu jibu la kweli linawapeleka polisi. Mimi huwa siulizi zaidi. Nilisomea udaktari, sikusomea kuchungulia madirisha ya watu.

Enzi za zamani ubinamu ulitosha. Ulimruhusu mtu kuingia na uji, kukaa kando ya kitanda, kushika mkono. Kisha vikaja vitanda hivi vinavyopima damu, na uongo mdogo uliokuwa ukiwalinda watu hawa ukageuka kuwa kamba shingoni mwao.

"Daktari," Sikitu alisema kwa sauti ya chini, "nimeharibu?"

"Hujaharibu kitu. Kaa hapo kwenye kiti."

"Kimesema nitoke."

"Na mimi nimesema ukae. Kati yangu na kitanda, nani amesomea kazi hii?"

Alikaa.

Nyamizi Mtinda alikuwa amelala chali, ngozi yake baridi, kichwa chake kimevikwa kofia ya nyuzi nyembamba. Ni fundi wa minara ya upepo, ile mikubwa inayozunguka juu ya mashamba ya alizeti. Jana asubuhi alishikwa na kizunguzungu akiwa ngazini, akaanguka. Mkanda ulimdaka, lakini kichwa kiligonga chuma. Ubongo ulivimba, tukaupoza, tukamtia katika usingizi mzito ili uvimbe ushuke. Uvimbe umeshuka. Kilichobaki ni kumrudisha.

Na hapo ndipo penye kazi. Aliyelazwa kwa baridi hiyo haamki kwa dawa. Anaamka kwa kuitwa. Nyuzi za kofia husikiliza ubongo wakati mtu wake anapozungumza naye, na mahali popote panapoitikia ndipo kitanda kinapopeleka joto, kidogo kidogo, mpaka mgonjwa apande mwenyewe. Mwitikio unaonekana kwenye mshale ubavuni mwa kitanda. Mshale usipofika kwenye alama ya kijani kabla ubongo haujachoka na ile baridi, mgonjwa haamki tena. Ubongo wa Nyamizi ungechoka adhuhuri ya siku ile.

Kitanda ni kizuri. Nimeona kikirudisha watoto kwa sauti za bibi zao. Sheria iliyofungwa ndani yake ndiyo iliyooza. Inasema mwitaji awe ndugu wa damu au mwenzi wa ndoa, na kitanda hakifunguki mpaka ndugu wa damu aweke kiganja chake juu ya kibao cha pembeni na kukiacha hapo. Tena kikiachiwa kifanye kazi chenyewe, kinasoma mwitikio wa ubongo, kinataja aina ya uhusiano, mzazi au mtoto au ndugu au mwenzi, na habari hiyo inaruka papo hapo hadi Ofisi ya Maadili.

"Alianza kuumwa kichwa lini?" nilimuuliza Sikitu.

"Zamani, Daktari. Tangu kipupwe. Nilimwambia njoo hospitali, akakataa katakata." Alijifuta machozi kwa mgongo wa mkono. "Mwaka jana alikwenda zahanati kwa ajili ya tumbo. Wakamuuliza mume wako nani, akasema sina. Unaishi na nani, akanyamaza. Yule mhudumu akamwambia apige magoti. Wakamwombea, wakamfukuza. Hakupimwa hata joto. Tumbo likapona lenyewe, ndiyo akasema na kichwa nacho kitapona."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Kichwa kile kingetibiwa kwa vidonge. Mwanamke huyu hakuangushwa na ngazi, aliangushwa na watu wa kazi yangu, waliovaa koti kama langu.

Sista Onorata, muuguzi wangu, alikuwa akipanga mirija bila kuinua uso. Ni mama wa kwaya, mkali, na najua anavyowafikiria watu kama Sikitu kwa sababu amewahi kuniambia. Alimpelekea kitambaa cha kujifutia, akamwekea mapajani, akarudi kwenye mirija yake.

*

Jumbe, kaka yake Nyamizi, alifika akiwa amevaa koti la suti. Ni mwenyekiti wa ushirika wa alizeti huko kijijini kwao, na hata mbele ya mgonjwa alisimama kama mtu anayesubiri mkutano utulie.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Weka kiganja hapo kwenye kibao, usikiondoe. Kisha zungumza naye."

Aliweka. Kitanda kikaonja damu, kikaridhika, taa ikawaka. Jumbe akakohoa.

"Nyamizi, mdogo wangu," alianza. "Kwa niaba ya ukoo mzima wa Mtinda, wazee wanakusalimu. Sisi huko nyumbani tuko pamoja nawe katika kipindi hiki kigumu. Mavuno ya mwaka huu yamekuwa mazuri, tunamshukuru Mungu..."

Mshale haukutikisika. Aliendelea na mavuno, akaingia kwenye bei ya mashudu, akasema barabara imetengenezwa. Nilimwacha mpaka alipoishiwa.

"Mwambie jambo la ninyi wawili," nilimwambia. "Anapenda nini? Anachukia nini? Mlikuwa mkigombania nini?"

Alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, na nikaona uenyekiti ukimtoka usoni, akabaki mtu tu mwenye koti zito asubuhi ya joto.

"Daktari, sijui," alisema. "Tuliacha kuzungumza alipokataa kuolewa. Mimi ndiye niliyeacha. Hata chai anakunywaje sasa hivi, sijui."

"Wazazi?"

"Wamefariki wote. Nimebaki mimi."

Alinitia huruma, nisifiche. Lakini huruma haisukumi mshale.

Mlango ukafunguka, akaingia Dkt. Kabelwa, mkurugenzi wetu. Kitanda huwa kinampelekea taarifa mwitaji anapokataliwa.

"Dkt. Nakijwa, njoo kidogo," aliniita ukumbini, akafunga mlango. "Huyo mama aliyejiita binamu anafanya nini bado humo ndani?"

"Ni msindikizaji wa mgonjwa."

"Usinichezee. Sote tunajua ni nani. Kaka yupo, ameita kisheria. Mgonjwa asipoitikia, sisi tumetimiza wajibu wetu."

"Tumetimiza kwa nani? Yule asipoamka, utakwenda kumwambia maiti kwamba umetimiza?"

"Punguza sauti." Aliangalia huku na huku. "Sikiliza, mimi si adui yako. Ukimwacha yule mama aite, kitanda kitataja uhusiano. Ofisi ya Maadili watakuwa hapa kabla hajafumbua macho. Utamtoa kitandani umtie jela. Hiyo ndiyo tiba?"

Hapo alikuwa amegusa penyewe, na nilimchukia kwa kugusa. Siri ya Nyamizi ilikuwa yake. Hakuwahi kunipa ruhusa ya kuifungua, wala kwa serikali, wala kwa kaka yake mwenye kiganja juu ya kibao. Mimi niliapa kulinda siri ya mgonjwa, na kiapo kile kile kinanitaka niulinde uhai wake. Siku zote viapo hivi viwili vilikuwa vikitembea pamoja bila ugomvi. Leo vilikuwa vimesimama mlangoni, kimoja kinamzuia mwenzake asiingie.

"Nitamwamsha kwa mkono," nilisema.

Kabelwa alinitazama kama niliyesema nitamfufua. "Hakuna anayefanya hivyo tena."

"Mimi nilifundishwa kabla vitanda havijajifanya vinajua kila kitu. Nikizima usomaji, nikaongoza joto mwenyewe, kitanda hakiwezi kutaja uhusiano. Kitabaki hakijui."

"Na mwisho kitakuuliza wewe. Lazima utamke aina ya mwitaji. Ukidanganya, jela. Usipojibu, leseni inafungwa hapo hapo."

"Basi ijifunge."

"Nakijwa, una miaka mingapi umebakiza kabla ya kustaafu?"

"Mgonjwa amebakiza mpaka adhuhuri," nilimjibu, nikarudi ndani.

*

Niliwaeleza wote watatu, wamesimama pande mbili za kitanda.

"Sista Onorata, nitazima usomaji. Ukitaka kutoka, toka, sitakulaumu."

"Nani atakushikia mirija nikitoka?" alisema Onorata, na mjadala ukaishia hapo.

"Sikitu, wewe ndiye utakayeita. Unajua hatari yake. Hutaki, sema."

"Nataka," alisema kabla sijamaliza.

Nikamgeukia Jumbe. "Na wewe, kaka. Kitanda hakifunguki bila kiganja chako. Ukikiondoa, kinajifunga, naye anakwenda. Namhitaji dada huyu aite, na wewe ushike."

Alimwangalia Sikitu. "Namfahamu. Ni yule aliyepanga naye nyumba. Alikuja kutupikia msibani kwa mama." Akanirudishia macho. "Kwa nini yeye? Ni nani wa mdogo wangu?"

"Sitakuambia."

"Mimi ndiye kaka mtu!"

"Ungekuwa baba mtu nisingekuambia. Hayo ni ya Nyamizi. Akiamka utamuuliza, naye akipenda atakujibu. Ninachotaka kutoka kwako ni kiganja."

Alikunja taya. Maneno ya kijijini aliyokwisha kuyasikia kuhusu mdogo wake yalikuwa yakimpita usoni, nami niliyaona yakipita. Kisha akakibandika kiganja kwenye kibao kwa kishindo, kama mtu anayepiga meza mkutanoni. Taa ikawaka.

Nilizima usomaji. Kitanda kikalalamika, nikayazima na malalamiko yake. Nikashika vishikio viwili vya kuzungusha joto, kimoja kila mkono. Ukizungusha taratibu mno, ubongo unachoka njiani. Ukizungusha haraka, mishipa inapasuka. Ni kazi ya vidole, na vidole vyangu vilikuwa havijaifanya kwa muda mrefu.

"Ita," nilisema.

Sikitu aliinama. Alimtazama Jumbe, akakaza kanga.

"Dada Nyamizi," alisema kwa heshima zote, "mimi binamu yako Sikitu nimekuja kukuona. Pole sana kwa ajali. Majirani wote wanakupa pole."

Mshale ulilala pale pale.

"Binamu gani tena?" nilifoka. "Ameshakwisha huyo binamu, kitanda kimemwua. Mwite kama unavyomwita nyumbani."

"Daktari, kaka yake yupo hapa."

"Najua yupo."

"Atasikia."

"Atasikia. Mimi siwezi kukuchagulia."

Sikitu alifumba macho. Alivuta pumzi, na alipoongea tena sauti ilikuwa nyingine kabisa, sauti ya mtu aliyechoka na kupenda kwa wakati mmoja.

"We Nyamizi! Yale mabuti yako umeyaacha tena katikati ya mlango. Nimejikwaa nayo jana, nikamwaga mchuzi wote. Nimekuambia mara ngapi? Halafu yule kuku wako mwendawazimu ametagia kwenye beseni la nguo, nimeshindwa kufua, sasa unataka nivae nini?"

Mshale ulitikisika. Nikazungusha kidogo.

"Chai yako nimeimimina. Ile ya tangawizi nyingi isiyo na sukari, inayonikereketa koo mimi. Nimeipika kwa mazoea, nikakumbuka haupo, nikaketi nayo mpaka ikapoa." "Jana nimelala upande wako wa kitanda. Upande wangu ulikuwa mkubwa mno. Nimelalia ule mto wako wenye harufu ya grisi, ambao kila siku nasema nitautupa. Sitautupa. Rudi nyumbani, mke wangu, nimechoka kuwa binamu."

Mshale uliruka. Nilikuwa sijawahi kuona ukiruka vile, na vidole vyangu vilikuwa vikikimbizana nao, joto kushoto, joto kulia, Onorata akisoma shinikizo la damu kwa sauti kavu.

Hapo nikasikia mlio wa tahadhari.

Jumbe alikuwa ameinua kiganja. Hakukiondoa mbali, kilikuwa kimesimama hewani juu ya kibao. Nami sikuweza kuviachia vishikio. Ningeachia, ningemwua Nyamizi kwa mikono yangu.

"Mkono, Jumbe," nilisema.

"Mnanidhalilisha," alisema. "Mmeniweka hapa nisikilize haya. Mimi ni mtu mzima. Mimi nina jina."

"Kitanda kinajifunga," alisema Onorata.

Aliyemjibu ni Sikitu. Hakumwomba. Alinyooka, machozi yanamtiririka, akamtazama usoni.

"Kaka, nichukie. Una siku nyingi za kunichukia, na nyumbani kwetu unapajua, utakuja unitukane mpaka uchoke. Lakini sasa hivi weka mkono."

Jumbe aliangalia ule mshale. Uliokuwa umelala alipouhutubia yeye, ulikuwa umesimama, unahema pamoja na maneno ya mwanamke mwingine, na ulikuwa umeanza kushuka. Kisha akashusha kiganja, akakikandamiza kwa mkono wa pili juu yake.

"Endelea," alisema, analia waziwazi ndani ya lile koti. "Mwambie na hayo ya kuku. Sema kwa sauti, asisikie nusu nusu."

Sikitu alisema. Alisema ya kuku, ya paa linalovuja, ya jirani aliyerudisha sufuria ikiwa na tobo. Mshale ulifika kwenye kijani, ukapita.

Nyamizi alikohoa. Macho yakafumbuka, yakaelea, yakamtafuta mtu mmoja mpaka yakampata.

"Mabuti," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "nilisahau tu."

Sikitu alimwangukia kifuani, nami sikumzuia, ingawa taratibu zinasema azuiwe.

*

Kitanda kilisubiri shinikizo litulie, kikaanza kazi yake ya mwisho.

"Uamsho wa mkono umekamilika," kilisema. "Daktari, taja aina ya mwitaji."

Kabelwa alikuwa amesimama mlangoni. Kwa midomo tu, bila sauti, alinisihi: *ndugu, sema ndugu*. Neno moja, na wote tungekwenda kula. Lakini nilikuwa nimechoshwa na uongo ule. Mimi si mgonjwa wala si msindikizaji, sikuwa na haja ya kujificha nyuma ya binamu. Na ukweli haukuwa wangu kuutoa.

"Hiyo ni siri ya mgonjwa," nilisema.

"Jibu halitambuliki. Daktari, taja aina ya mwitaji, au leseni itafungwa."

"Siri ya mgonjwa. Fanya utakavyo."

Kadi kifuani mwangu ilizima taa yake. Kitu kidogo tu, taa ya ukubwa wa punje. Miaka yangu yote ilikuwa ndani ya taa ile. Sikujuta. Niliogopa, ndiyo, nilikasirika, lakini sikujuta.

"Ndugu wa damu," kitanda kiligeukia kwingine, "taja aina ya mwitaji."

Hilo sikulitegemea. Kabelwa hakunitajia. Chumba kizima kilimtazama Jumbe. Nyamizi naye alimtazama, uso wake umekauka kwa woga, maana sasa alikuwa macho vya kutosha kuelewa nani ameshika kibao na nani amemlalia kifuani. Alijaribu kumsukuma Sikitu, hakuwa na nguvu. Sikitu hakujisogeza.

Jumbe aliufuta uso kwa pindo la mkono wa koti lake. Akakohoa kile kikohozi chake cha mwenyekiti.

"Daktari ameshakujibu," alisema. "Una masikio au huna?"

"Jibu halitambuliki. Muuguzi, taja aina ya—"

"Siri ya mgonjwa," alisema Sista Onorata huku akikunja mrija. Hakuinua hata kichwa.

Kitanda kilinyamaza. Kilikuwa kimeishiwa na watu wa kuwauliza isipokuwa mkurugenzi mlangoni, naye akaondoka haraka kabla hakijamwuliza.

Jumbe alikuwa bado ameshika kibao, ingawa hapakuwa na haja tena. Nilimwambia anaweza kuachia. Aliachia, akausogelea uso wa mdogo wake, akauliza, "Tangawizi nyingi, bila sukari?"

Nyamizi aliitikia kwa kichwa, na Jumbe akatoka kwenda kuitafuta.

Huko wodini wagonjwa wengine walikuwa wakinisubiri, nami nilikuwa sina leseni. Nilifika mlangoni, nikagusisha kadi yangu, mlango ukakataa. Nikasimama pale na koti langu. Onorata alikuja nyuma yangu na trei ya dawa, akanipita, akagusisha kadi yake yeye, ambayo taa yake ilikuwa bado inawaka, akaushikilia mlango kwa nyonga.

"Pita, Daktari," alisema. "Wa kitanda namba nne ana homa."

Nikapita.